Gogo Langu Halitupwi

Leo gereji hapa Bariadi fundi alitaka kutupa gogo ninaloweka nyuma ya tairi. Nikamshika mkono.

Akacheka. "Mzee, si gari lina breki?"

Nikamsimulia.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa niliendesha trekta la kijiji, kule Lalago. Siku moja tunapanda mlima na tela la pamba, wanawake watatu wamekaa juu ya magunia. Pini inayounga tela na trekta ikakatika, mpira wa breki ukachomoka, tela likaanza kurudi nyuma.

Mimi sina wasiwasi. Nilizoea malori ya breki za upepo. Yale mpira ukichomoka, tela linajifunga breki lenyewe.

Nikapaza sauti, "Msiruke, litasimama."

Halikusimama.

Lile lilikuwa la breki za mafuta. Mpira ukichomoka, mafuta yanamwagika, breki hakuna.

Nyuma yetu mama mmoja wa kijijini, Mayu Kabula, alikuwa anapanda kwa miguu, mzigo wa kuni kichwani. Akautupa wote chini ya tairi. Tela likakwama.

Hakufoka. Alisema tu, "Binti yangu yuko juu pale. Nawe unamwambia asiruke."

Gogo hili lilitoka kwenye mzigo ule.

Fundi kalirudisha mwenyewe, taratibu.

Semeni ukweli, nyie mngewaambia waruke?