Maji ya babu yake tulicheka, maji ya baba yangu yakawa dhambi

Admin, naomba jina langu lisionekane, hata shule usiitaje, huku watu wanajuana. Mimi ni binti wa miaka 17, kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Kibaoni, mkoa wa Katavi. Simu hii ni ya dada, ameiacha kwenye chaji kaenda sokoni. Mimi siyo muongeaji kabisa. Mwalimu akinitaja jina tu, Kiingereza chote kinanitoka kichwani na Kiswahili kinafuata. Ila kuandika naweza. Vichekesho vya shule yetu naandika mimi, mwaka wa pili sasa, halafu nampa rafiki yangu daftari anaigiza. Watu wanajua anatunga mwenyewe. Nilipenda iwe hivyo. Nakaa nyuma, nasikia ukumbi mzima unacheka maneno yangu na hakuna anayeniangalia.

Huyo rafiki nimwite Kabula, siyo jina lake. Ni Msukuma, kwao walihamia huku na ng'ombe kabla hajazaliwa, wanakaa kule mbele ya mashamba ya mpunga. Sisi ni Wapimbwe, Wakatoliki tangu mababu, na baba yangu ni katekista, ndiye anayesalisha kanisani padri asipokuwepo. Shule nzima ninayeongea naye ni Kabula peke yake.

Mwaka jana kwenye mahafali niliandika kuhusu mzee mfugaji anayemuaga mjukuu wake anayeenda shule. Nilimchukua babu yake Kabula, maana nilishamuona kwao. Anapiga funda la maji kwenye kikombe cha bati, anampulizia mtoto kifuani, anamuombea. Kwao ndiyo baraka. Mimi nikaongeza kwamba na ng'ombe apuliziwe, na mkuu wa shule naye apuliziwe. Kabula aliposoma akasema, "Hapa kwa babu umezidisha." Nikamjibu, "Utani tu bwana." Akaigiza. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Baba yangu alifuta machozi kwa leso. Na babu mwenyewe alikuwepo, kakaa mstari wa mwisho na fimbo yake, watu wanageuka kumuangalia. Alikuwa anatabasamu. Mpaka leo sijui kama alifurahi au ilikuwa adabu tu.

Mwaka huu siku ya wazazi ilipokaribia, Kabula akaniambia, "Sasa andika ya kwenu."

"Ya kwetu nini?"

"Si mna maji na nyie?"

Nilicheka, halafu nikaandika. Nilimuandika baba. Anavyokohoa mara tatu kabla ya kusali, anavyopandisha suruali, anavyonyunyiza maji ya baraka kwa kitawi cha majani akiitwa kuombea nyumba mpya. Nikaongeza kwamba na kuku anyunyiziwe, na mkuu wa shule. Yaani mchezo ni ule ule, hata kikombe ni kile kile cha bati.

Siku yenyewe, Kabula alivyokohoa jukwaani mara ya kwanza, kidato cha kwanza wakacheka, wakaona wakubwa hawacheki, wakaacha. Aliponyunyiza tu, mama mmoja akasimama, "Mtoeni huyo! Hata hajabatizwa!" Mwalimu wa nidhamu akapanda jukwaani akamnyang'anya kikombe, akampeleka ofisini. Mimi nikawafuata mpaka nje ya dirisha la ofisi, nimeshika sweta la Kabula.

"Nani kakutuma udharau dini za watu?"

"Mwalimu, mbona mwaka jana..."

"Mwaka jana ulikuwa utani. Hii ni dini!"

Kabula alipotoka aliniangalia. Mimi nikaangalia chini. Hakunitaja. Wamemrudisha nyumbani, Jumatatu aje na mzazi aombe radhi mbele ya shule, na mbele ya baba yangu.

Nyumbani mama haachi kusema. "Hawa watu tumewapa ardhi, sasa wanatuchezea mpaka kanisa." Baba akamwambia basi, yaishe. Halafu akaweka kijiko chini akasema taratibu, "Ila yule mtoto hajawahi kukanyaga kanisani. Kajuaje kwamba nakohoa mara tatu?" Akaniangalia. Nikainuka kwenda kumletea maji ya kunawa, na hata hakuwa amemaliza kula.

Wiki nzima dawatini nakaa peke yangu. Jana nilienda kwao Kabula. Baba yake yuko mbali anachunga ng'ombe, kwa hiyo Jumatatu atakuja babu. Nilimkuta anaanika shati lake jeupe. Kabula hajamwambia kwamba niliandika mimi, kwa hiyo mzee alinipokea vizuri, kaniletea na kigoda. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiye mtoto wa katekista. Mwambie baba mtoto wetu hakukusudia. Mimi nitapiga magoti, siyo shida, ila asome." Nikainuka kwenye kigoda. Nilipoaga akasema nisubiri. Akaitisha kikombe. Akapiga funda la maji, akanipulizia kifuani, akaniombea kwa Kisukuma, maneno mengi, katikati nikasikia jina langu.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Mbona hucheki?"

Ndugu zangu mnaosoma, leo ni Jumamosi. Nikisema ukweli, baba yangu atajua kwamba aliyemchekesha mbele ya kijiji ni mwanawe wa kumzaa, na sijui kama atanyanyua tena uso wake kanisani. Nikinyamaza, yule mzee atapiga magoti kwa ajili ya maneno niliyoandika mimi. Na mkiniambia niseme, basi niambieni na pa kuanzia, kwa baba au kwa mwalimu, maana mdomo wangu mnaujua nilivyoueleza. Nijibuni mapema tafadhali, dada akirudi sokoni simu anachukua.