Jiwe Chini ya Rangi ya Baba Mdogo

Baba mdogo amepaka rangi majengo ya serikali ya mji wetu kwa miaka thelathini na minne. Mwashi ukimuuliza amefanya nini maishani, atakuonyesha ukuta. Seremala atakuonyesha mlango. Mpaka rangi atakuonyesha kitu ambacho mwakani atakifunika mwenyewe.

Mjini wanamwita Chokaa. Nyusi zake ziligeuka nyeupe akiwa kijana. Uzee ulipofika ulikuta kazi imeshafanywa.

Ajira yake inategemea wageni. Kwenye halmashauri yetu ukuta haupakwi kwa sababu umechakaa, unapakwa kwa sababu mkubwa anakuja. Mgeni akitangazwa Jumatatu, Jumanne baba mdogo yuko juu ya ngazi. Ijumaa mgeni anapita na vioo vimefungwa, hata shingo hageuzi. Baba mdogo anashuka, anashika kiuno, anasema, "Haya, kapita," kama mtu aliyekuwa anasubiri mvua iache.

Jengo alilolipaka kuliko yote ni mahakama ya zamani. Ilikuwa mahakama, ikawa kliniki ya wajawazito, ikawa maktaba yenye vitabu sitini na mkutubi mmoja wa kulala. Leo ni stoo ya madawati yaliyovunjika miguu. Historia hiyo haimo kwenye faili lolote, kwa sababu mafaili yaliliwa na mchwa, na mchwa hawaandikiwi barua ya kujieleza. Baba mdogo anayo ukutani. Anakwangua kidogo nyuma ya mlango kwa kisu cha puti, anakuonyesha: kijani kizito cha mahakama, bluu ya kliniki, maziwa ya maktaba, na katikati ufito mwembamba wa waridi.

"Huu je?" nilimuuliza siku moja.

"Mwenye duka alileta rangi siyo. Mkurugenzi wa wakati ule akasema paka hivyo hivyo, mgeni yuko njiani."

"Mkapaka mahakama waridi?"

"Mwaka mzima. Mwizi wa kuku alihukumiwa miezi sita humo ndani, akasema anaona aibu kufungwa saluni."

Alicheka kidogo, kisha kikohozi kikamkatisha. Chokaa imemkaa kifuani.

Mimi ni kibarua wa kuchapa barua pale halmashauri. Nilisoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu mpaka ilipofika nusu, nusu ya pili bado inanisubiri. Kwa hiyo ni mimi niliyechapa ile barua: mahakama ya zamani ibomolewe, patengenezwe maegesho ya magari. Mji una magari kumi na moja, mawili yapo juu ya matofali. Chini ya barua kulikuwa na sharti: halitabomolewa jengo la kale, na jengo la kale ni lile lenye mwaka wa kujengwa ulioandikwa. Ofisa wa mambo ya kale angekuja Alhamisi kuthibitisha.

Jioni nikampelekea habari. Alikuwa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Wanabomoa mahakama, baba."

Alitoa mguu mmoja, akautazama, akaurudisha.

"Nina miezi miwili nistaafu," alisema. "Si wangesubiri?"

"Wangesubiri nini?"

"Niondoke. Posta wamebomoa, nikasema sawa. Bohari la pamba, sawa. Na hili wakiliangusha, miaka thelathini na minne nilikuwa napaka nini? Hewa?"

Nikamwambia habari ya mwaka ulioandikwa. Hapo ndipo alipofumba macho kama aliyeumwa jino.

"Upo," alisema. "Kuna jiwe kulia kwa mlango. Limechongwa herufi na mwaka."

"Mbona hatujawahi kuliona?"

"Kwa sababu mimi ni fundi mzuri."

Kumbe miaka mingi nyuma mkurugenzi mmoja alitaka ukuta uwe laini kama yai. Herufi za kuchongwa zinakula rangi, kila ukipita brashi inabaki vijishimo. Fundi mwingine angezipaka kijuujuu akaondoka. Baba mdogo alichanganya saruji na puti, akajaza kila herufi na kila tarakimu, akapiga msasa, akapaka. Kisha akarudia mkono juu ya mkono, maana mafundi rangi tabaka moja huliita mkono, hadi jiwe likawa ukuta. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye hakuacha ufa hata mmoja, na ukuta ndio huo unabomolewa.

"Mwaka wenyewe ulikuwa ngapi?"

"Sijui."

"Uliujaza kwa mkono wako!"

"Mwanangu, nilikuwa naziba mashimo. Sikuwa nasoma."

Jumatano alianza alfajiri. Alikataa nimsaidie. "Wewe una mikono ya kuchapa, utalitoboa." Nikakaa kwenye dawati lenye miguu mitatu, nikamtazama akiibomoa kazi yake mwenyewe. Mkono baada ya mkono uliporomoka: nyeupe, nyeupe, nyeupe, maziwa, bluu. Kila ganda likidondoka alilitaja kwa mgeni wake. "Huyu hakushuka. Huyu alishuka, akaulizia choo. Huyu hakuja kabisa." Adhuhuri magoti yalimgomea, akaendelea amekaa juu ya ndoo. Alipofika kwenye jiwe lenyewe akaweka kisu chini, akachukua msumari, akawa anachokonoa puti kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

Moja ikatoka. Tisa ikatoka. Mbili ikatoka, mkia wake mzima.

Tarakimu ya nne haikutoka. Pale alizidisha saruji. Alipoigusa, saruji ilibanduka na uso wa jiwe ukabanduka nayo, pakabaki shimo la ukubwa wa kifungo cha shati. Akachukua kipande kilichodondoka, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa vumbi tupu.

"Nilifanya kazi vizuri mno," alisema.

Alhamisi ofisa alifika, mama mmoja mwenye viatu vya vumbi na fomu kwenye ubao. Alionekana ametoka kutazama majengo mengine tisa. Akalitazama jiwe muda mrefu.

"Mzee wangu, kazi umefanya. Lakini fomu ina visanduku vinne, nami nina tarakimu tatu."

"Hata ingekuwa tisa," nikadakia, "si bado ni jengo la kale?"

"Ni la kale, mdogo wangu. Tatizo ni kisanduku." Akapunguza sauti, akamgeukia baba mdogo. "Shikamoo tena mzee. Nani mwingine aliyeuona mwaka huu?"

"Mimi tu."

"Basi nitajie namba ya mwisho. Ukisema nne, naandika nne. Tumalize, jua kali hili."

Nikamkonyeza. Nikamkanyaga mguu kabisa. Baba mdogo alikitazama kile kishimo, akafuta jasho, uso wake ukabaki na michirizi ya rangi zote za wakurugenzi.

"Mama, nimeshafunika vya kutosha kwenye ukuta huu," alisema. "Sikumbuki. Andika nilivyoharibu."

Ofisa akavuta pumzi. Akaandika tarakimu tatu, kisanduku cha nne akakipiga mstari, pembeni akaeleza kwa mwandiko mdogo mpaka karatasi ikaisha. Mkurugenzi alipopata habari kwamba kamati nzima ya mambo ya kale itakuja kuona, alitoa amri tuliyoizoea: jengo lipakwe jeupe, lote.

Baba mdogo alilipaka kwa siku tatu, akipumzika kila ngazi ya tatu. Jiwe alilizunguka.

"Chokaa, pale umesahau," mkurugenzi alimwita toka garini.

"Sijasahau."

"Wageni wanakuja!"

"Waje walione."

Walikuja, wakashuka, wakaligusa kwa vidole. Mwezi uliofuata ikaja barua, nikaisoma mara mbili kabla ya kumpelekea: mahakama ya zamani ibaki. Maegesho yatafutiwe kwingine.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kibao cha mlangoni. Aliandika kwamba jengo lilijengwa mwaka moja, tisa, mbili, akaacha nafasi. Nikamwambia pale panaonekana kama pamesahaulika.

"Nishikie ngazi nishuke," alisema. "Magoti haya."