Siku Abti Aliponikabidhi Hangool

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ya tisini, niliposimama kwenye baraza la chifu kule Hulugho nikapigiwa makofi mpaka nikajiona waziri. Mwanangu, shule niliishia darasa la tatu. Lakini mdomo nilikuwa nao, na lori nililolinunua kwa jasho langu. Lilibeba makaa.

Afisa mgeni alikuwa ametueleza kwamba moshi unaipasha dunia joto, mvua zitaharibika zaidi, kwa hiyo tuache kukata miti. Nikainuka.

"Afisa, karibu kwetu. Hebu hesabu magari ya hapa. Ni langu tu, na hilo nalo husukumwa ndipo liwake!" Watu wakacheka. "Wenye viwanda ndio waliochafua anga. Wakazime kwao kwanza, halafu waje kutuuliza sisi."

Afisa akakuna kichwa, akasema hilo halina ubishi.

Mtu mmoja hakupiga makofi: mjomba wangu Duale, kaka wa mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana Abti, wote wawili. Alikuwa ameegemea hangool yake, fimbo ndefu yenye ndoano ambayo wafugaji hutikisia migunga ili maganda yaangukie mbuzi. Nyasi zikiisha, maganda hayo ndiyo maziwa ya watoto.

Baraza lilipokwisha akanijia.

"Abti, umesema kweli tupu. Wallahi, mimi nisingemjibu vizuri hivyo." Nikatabasamu. "Sasa shika hii." Akaniwekea hangool mkononi.

"Na wewe utatikisa na nini?"

"Nitikise nini? Migunga ya kisimani umeipakia lorini juzi. Au wenye viwanda walikuja na shoka?"

Walionipigia makofi wakacheka kuliko mwanzo. Nikawaka. Nikamwambia makaa yangu yanamlisha dada yake.

"Najua, chai yake nakunywa," akasema taratibu. "Ila mbuzi wangu hawali makaa."

Wiki ile nililifagia lori, nikapakia mbuzi wake, nikawapeleka mbali, mahali palipobaki miti. Wengi walikuwa wameshakonda, nusu wakafa. Waliobaki walishuka weusi kwa vumbi la makaa, na Abti akaniuliza kama nimemletea mbuzi au magunia. Hakunikumbusha tena kosa lile maishani mwake. Mimi sikukata tena mti wa malisho, na lori likageuka la kubeba maji.

Hangool hiyo iko mlangoni mwa duka langu hapa Garissa. Ukienda mikutano yenu ya hali ya hewa, mwanangu, waambie wenye moshi mkubwa wapunguze, wao kwanza, na usiinamishe kichwa. Nilisema kweli siku ile na leo ningeisema tena. Lakini kabla hujasimama, pita kisimani kwa mjomba wako uangalie kama miti yake bado imesimama, au umeikata wewe.

Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, kivuli mlangoni, na mtu wa kukukemea huku anakupenda. Amin.