Kamba za Katongo

Kabla ya kuchonga mtumbwi, Katongo alikuwa akizunguka shina na kuligonga kwa kisogo cha shoka, sikio limelala kwenye gome, mpaka asikie kama moyo wa mti ni mzima au umeoza. Kazi hiyo aliachiwa na mjomba wake. Kwa miaka thelathini, nusu ya mitumbwi iliyotoka Nchelenge kuvuka Ziwa Mweru kwenda Kilwa ilipita mikononi mwake. Mti alioukubali aliufunga kamba ya gome kiunoni. Mti uliofungwa una mwenyewe. Hakuna mtu wa kijiji chake, Kafutuma, aliyewahi kuugusa.

Mwaka 1974 kampuni ya mbao ilipewa msitu wa serikali nyuma ya Kafutuma. Katongo alitembea hadi bomani kupinga. Karani alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Mzee, msitu ni wa umma. Uko mti wenye jina lako?"

"Mkimaliza miti, watu wa ziwa watavulia nini?"

"Wanunue boti za chuma."

Akarudi, akaanza kufunga kamba. Mkewe, Dorica, alimfuata msituni na chakula.

"Ulikuwa ukifunga miwili kwa mwaka. Hii sitini utaichongea kaburini?"

"Sichongi. Nazuia."

Watu wa kampuni walikuja kutoka mbali. Walitakiwa kuchagua miti mizima, na mingi waliyoijaribu ilikuwa na uvungu. Walipokata mmoja wenye kamba, ulikuwa mzima. Wa pili pia. Basi wakaacha kutafuta, wakafuata kamba. Katongo alipofika, visiki vilikuwa bado vinatoa maji, na mkata miti mmoja akampungia mkono.

"Ni wewe uliyefunga? Asante, mzee! Umetupunguzia kazi."

Mwezi uliofuata Mulumba, mchuuzi wa samaki, alivuka ziwa kutoka Zaire kuchukua mtumbwi aliouagiza.

"Ba Katongo, bwato yangu iko wapi?"

"Hakuna mti. Kampuni imekata yote mizima."

"Mu pori yote? Ni mutu gani alibaonyesha miti ya muzuri?"

"Ni mimi."

Mulumba akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha.

Siku hizi Katongo anatia viraka mitumbwi ya zamani kwa mbao za kampuni. Kila ubao huugonga kwanza kwa kisogo cha shoka, sikio limelala juu yake. Zote zinalia vizuri.