Siku Niliyoacha Nyuma Wazi

Cheka kwanza umalize, ndipo nikusimulie, maana aibu hii niliibeba mwenyewe kutoka mbali: Tanga hadi Muscat, Muscat hadi Houston (nilikoosha vyombo kwenye baa yenye televisheni kubwa), Houston hadi Auckland, na mwisho Sydney, nikiwa na miaka arobaini na kitu, cheti cha kidato cha nne, na mdomo. Mdomo ndio ulioniponza. Pale Lidcombe, kitongoji cha Sydney, niliwakuta vijana wa Kenya na Burundi wana timu ya futiboli ya Kimarekani, nikasema, "Mimi nimeishi Marekani," basi, wakanifanya kocha wa ulinzi.

Ulinzi wenyewe ni akili ya mwenye nyumba: wachache mbele wanamkimbiza mrushaji wa mpira, waliobaki nyuma wanawalinda wadakaji. Ukiongeza wavamizi, umepunguza walinzi. Mimi hayo niliyaona ya waoga. Nilitaka kuvamia tu, na amri nilizitoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwadhini, "Vamia!" au "Linda!" (hiyo ya pili sikumbuki kuitumia), kwani mpinzani gani angeelewa?

Siku yenyewe tulicheza na timu ya Canberra. Neema, nesi Mkongo wa Rooty Hill niliyempelekea posa, alikuja na mama yake, wakakaa karibu kabisa na mstari.

"Baada ya mechi utaonana na kaka yangu," alisema, akitabasamu peke yake. "Yeye ndiye atatoa jibu."

Nikavimba kama andazi. Mrushaji wao alikuwa pande la mtu, kofia ngumu imemmeza uso wote, mzito ajabu.

"Vamia! Gunia la viazi hilo! Mama yake alimlisha nini, saruji?"

Vijana wangu wakachomoka, na gunia, kabla hawajalifikia, likarusha mpira palepale walipotoka walinzi. Mdakaji akatembea na pointi zake kama anakwenda sokoni. Nikaita tena. Palepale tena. Otieno, nahodha wetu, akanijia akihema.

"Coach, huyu msee anatusoma. Wacha wengine wabaki nyuma."

"Anasoma nini? Hata jambo hajui huyo! Vamia!"

Tulichapwa mpaka watazamaji wakaona haya kushangilia. Mwishoni gunia likanijia, likavua kofia. Uso ulikuwa wa Neema, wenye ndevu.

"Aksanti sana, mzee," likasema kwa Kiswahili cha Bukavu. "Kila mara ulikuwa unatuambia mapema. Na mama alinilishaka bugali."

Mama mwenyewe alinitazama kama kitu alichokikanyaga.

Kesho yake Neema akapiga simu.

"Kaka amesema hapana. Matusi ameyacheka. Lakini anasema alikupiga palepale mchana mzima, na hukumrudisha nyuma hata mtu mmoja. Anauliza, nyumba yako atailinda nani?"

Alisema kweli: milango niliiacha wazi Tanga, Muscat, Houston na Auckland, kisha kila usiku naota harufu ya kila nyumba niliyoihama.

Nikafunga begi niihame na Sydney, safari hii bila tiketi ya kurudi. Pale uwanja wa ndege, mbele yangu kwenye foleni, jamaa mmoja mnene alikuwa akisukuma masanduku kama anahamisha kijiji. Ulimi ukaniwasha, kwa Kiswahili kitamu kabisa. Nikaumeza, nikarudi hatua moja nyuma.

"Linda," nikajiambia, na wala hapakuwa tena na cha kulinda.