Namba Nzuri za Bi Mizani

Bi Mizani hakuwa mtu wa kutulia. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani madukani, na jina hilo alibandikwa na wenye maduka wenyewe. Akitokea mlangoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, hata asiye na kosa alianza kuifuta mizani yake kwa kiganja. Hakuwa na dogo. Mizani ikipunja kidogo tu, anaibandika karatasi nyekundu, na ubembeleze mpaka mate yakukauke, haibanduki.

Sasa zahanati wakamwambia presha yake iko juu, wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Hilo la "kila asubuhi" lilimkaa kooni. Mama yake alipooza upande mmoja akiwa na umri kama wake. Bi Mizani alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakujua kuogopa akiwa amekaa, aliogopa akitembea: sebuleni, jikoni, uani, kisha jikoni tena kufunga bomba lililokwisha kufungwa.

Katika kuhangaika huko akanunua kopo la kapsuli za kitunguu saumu na magnesiamu. Alipolipeleka zahanati, muuguzi alilizungusha kopo mkononi, akalisoma lote.

"Si vibaya, mama. Huenda zikakusaidia kidogo, lakini vidonge vyako usiache. Tafuta mashine ya kupimia nyumbani. Kaa kitako dakika tano, pima mara mbili, andika zote mbili. Mwezi ukiisha tutaona kama dozi inapunguzika."

Kukaa kitako dakika tano! Angemwambia abebe gunia ingekuwa nafuu.

Siku ya kwanza mashine ilisema mia na sitini na nane. Akaikodolea macho. Akauvua mkanda wa mkononi, akauvaa upya, akapima: mia na sitini na tano. Akaenda dirishani, akarudi, akapima. Mara ya saba ikaja mia na arobaini na moja, naye akaiandika upesi upesi kabla haijabadili nia. Zile sita hazikuandikwa popote. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Anapima akiamka, anapima akitoka kazini, anapima huku sufuria ikiwa motoni, mpaka mkono ukabaki na alama. Daftari likapendeza. Kwa kila ukurasa, kopo lilizidi kuwa hodari machoni pake. Na katika siku hizohizo alimfungia mizani muuza nafaka aliyekuwa akiipigapiga sahani mpaka mshale uende anakotaka yeye. Alimfokea mbele ya wateja, macho makavu, wala daftari lake halikumpitikia akilini.

Siku mbili kabla ya kurudi zahanati alipita kwa mdogo wake, fundi cherehani mwenye chumba cha kazi kando ya barabara. Naye alikuwa na presha, mwaka wa pili huo. Alimkuta ameegemea cherehani, kashika kisogo, lundo la sare za shule mbele yake.

"Una nini?"

"Kichwa tu, dada. Kazi nyingi."

"Dawa umemeza?"

Mdogo mtu akacheka, akamwonyesha kopo kando ya kikebe cha vifungo. Kopo la kapsuli kama lake. "Vile vidonge vya zahanati nimeachana navyo, wiki ya tatu leo. Si niliona daftari lako pale mezani kwako, kando ya kopo kama hili? Mia na thelathini na nane, mia na thelathini na tano! Nikasema, dada yangu huyu anayefungia watu mizani kwa gramu tano, akiandika namba, basi namba ndiyo hiyo."

Bi Mizani alilitazama lile kopo. Yeye vidonge vyake hakuviacha hata siku moja. Aliyedanganya alikuwa akimeza kila asubuhi, na aliyemwamini ndiye aliyeacha. Akatoa mashine mkobani, akamfunga mdogo wake mkanda, akaketi. Dakika tano nzima. Mguu wake ulitaka kusimama wenyewe, akaubana chini ya kiti.

Mia na themanini na nne. Akaandika. Mia na themanini na sita. Akaandika.

"Itakuwa mkanda haukukaa vizuri," mdogo wake alisema, sauti imepungua. "Pima tena, dada. Ya tatu itashuka."

"Itashuka. Na ya saba itashuka zaidi. Hivyo ndivyo nilivyolijaza lile daftari, mdogo wangu. Napima mpaka nipate nzuri, mbaya nazitupa. Niliogopa yaliyompata mama."

Mdogo wake alimtazama, mkono bado umefungwa mkanda. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo wiki tatu zote hizi mimi..."

"Vaa viatu. Twende zahanati sasa hivi."

Mdogo mtu akainama kuvitafuta chini ya cherehani, akayumba, akashika meza. Bi Mizani akamkalisha. Kisha akapiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi, akamvalisha mwenyewe, kimoja, halafu cha pili, akafunga kamba, akamshika kwapani kumwinua.