Timu Isiyojua Kungoja

Dada yangu mkubwa hakujua kusema sitaki. Ukimpa mkia wa samaki, anakula mkia. Ukimtuma dukani na jua limesimama utosini, anavaa buibui lake anakwenda, na njiani mtu mwengine akimtuma, naye anamtumikia. Watu wazima walimsifu kwa haya zake. Mie mdogo wake nilimwona bwege, na nilimwambia hivyo usoni, naye akacheka tu. Ndiyo maana nilishangaa nilipomwona anacheza gemu.

Vijimashine viwili vya gemu vilikuja kutoka Maskati ndani ya sanduku la ami yetu, mdogo wake baba, vimesokomezwa baina ya makopo ya maziwa ya unga na vitambaa vya mapazia. Kimoja alitupa sisi, kimoja akampa binti yake. Binamu yetu huyo alikuwa rika moja na dada, na nyumba yao ilitazamana na yetu kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, chembamba hata wakati wa futari tukipokezana mabakuli dirisha kwa dirisha. Gemu yenyewe ilikuwa ya kupiganisha madudu. Unayakamata porini, unayalea mpaka yapate nguvu, halafu unachagua sita yawe timu yako, na kwa waya mfupi unaounganisha mashine mbili unapigana na mwenzio. Dudu moja linatoka huku, jengine linatoka kule, kila mtu anachagua pigo lake, na dudu lenye mbio zaidi ndilo linalopiga kwanza.

Binamu alipenda madudu ya kujilinda. Alikuwa na moja la ganda gumu, moja la kumwaga sumu, moja la kumlaza mwenzake usingizi, na yote yalijua kujitibu. Unampiga, anajiponya, unampiga, anajiponya, na huku sumu inakumaliza kidogo kidogo. Mie nilicheza vivyo hivyo kwa kumuiga. Tukishindana sisi wawili, wali unapikwa, unaliwa, vyombo vinaoshwa, bado tunapigana. Dada alikuwa akitutazama huku anakunja nguo, na siku moja akaninyang'anya mashine mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Mie sitaki dudu la kungoja," alisema.

Nilimtazama mara mbili kwa neno lile.

Wakati huo matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na yeye alikuwa amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Alitaka kusoma. Hakuna aliyehitaji kuambiwa, maana alikwisha kuazima vitabu na kuvijalidi kwa magazeti hata shule haijafunguliwa. Lakini posa ikaja, kutoka hukohuko Maskati. Kijana wa watu wema, ana kazi ya maana, ukoo wake unajulikana mpaka babu wa babu. Baba akaipokea kwa furaha. Dada akamwendea mama jikoni, na mama alikuwa anachagua mchele, akamwambia kwamba yeye bado anataka kusoma, na hamtaki bwana huyo.

"Hayo si ya kuniambia mie," mama alisema, na macho hakuyaondoa kwenye ungo. "Siku yako utaulizwa. Ukiulizwa utajibu."

Akamwendea bibi, bibi akasema utaulizwa. Kwa baba hakwenda, kwa sababu kwetu mtoto wa kike hazungumzi na baba yake habari za kuolewa kwake. Lakini nilimsikia ami akimuuliza baba kama binti ameridhika, na baba akajibu, "Si ataulizwa mwenyewe? Sisi si watu wa kulazimisha." Nalichukia neno lile mpaka leo. Ataulizwa, ataulizwa. Nyumba nzima ililitaja, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Kuulizwa kwenyewe kulikuwa na taratibu zake, na bibi ndiye aliyemfundisha. Siku ya nikaha, kabla wanaume hawajakwenda msikitini, anakuja mzee wa ukoo na mashahidi wawili mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Baina yao na yeye kuna pazia. Mzee anamtaja bwana na mahari, anauliza kama ameridhia. Mara ya kwanza bibi harusi ananyamaza, ndiyo haya. Mara ya pili ananyamaza. Mara ya tatu ndiyo jawabu: akinyamaza tena, ameridhia, na kama hataki, hapo ndipo pa kusema, na hakuna wa kumlaumu. "Ya kwanza hajibu mtu," bibi alisema, "ila asiye na haya, hata kama bwana anamtaka kufa."

Dada alisikiliza kwa adabu, kichwa chini. Bibi alipotoka akaniambia, "Ya tatu ntasema sitaki. Kwa sauti, wasikie wote watatu. Hapo hapana atakayesema nimemvunjia baba heshima. Nshaulizwa kwa taratibu, nshanyamaza kwa taratibu."

"Kweli utasema?"

"Ntasema. Nimo naifanyia mazoezi."

Na kweli aliifanyia. Alipowekwa ndani, alikuwa hatoki hata uani, anasuguliwa singo, anapakwa liwa, anafukizwa udi mpaka mapazia yakanuka harusi. Kulipokuwa kimya nilimsikia akisema peke yake, "Sitaki." Anaanza kidogo, anaongeza. Mara ya mwanzo haikusikika hata kwangu niliyekuwa nimelala ubavuni kwake. Baadaye paka dirishani aligeuka kumtazama.

Muda wote uliobaki alilea timu yake. Bibi aliyaona madudu akasema hayo ni mashetani, na bibi harusi hakai chumba kimoja na mashetani. Lakini betri zilipotuishia ni yeye aliyezitoa za redio yake, akasema asiwe mtoto anakaa ndani na huzuni.

Ilikuwa timu ya hatari. Dada alichagua madudu yenye mbio tu, na kila moja lilikuwa na nafasi ya mapigo manne. Mie ningeweka mapigo mawili, kinga moja na dawa moja. Yeye aliweka mapigo yote manne. Kulikuwa na pigo moja kubwa kuliko yote, mwale unaobomoa karibu kila kitu, ila ukishaupiga dudu lako linapumzika zamu inayofuata. Kila mtu aliutaka ule mwale. Dada akaufuta. "Zamu nzima nimekaa natazamwa? Hapana," alisema. Dudu lake la mbele lilikuwa la umeme, jembamba, ukiligusa linakufa. La pili lilikuwa ndege. La mwisho lilikuwa la mviringo, kazi yake kujiripua na kuondoka na aliye mbele yake, na hilo ndilo alilolipenda. Nilimwambia timu hii haina pa kukimbilia, ikikosa pigo la kwanza imekwisha. Akasema ndivyo anavyotaka.

Mwanzo alishindwa vibaya. Binamu alimlaza usingizi, akamtia sumu, akamcheka. Dada hakuongeza kinga. Alirudi porini kuyakimbiza madudu yake mpaka mbio zikazidi, akabadilisha pigo hili kwa lile, akahesabu kichwani nani atamtangulia nani. Ningekuwa na akili wakati ule ningemwogopa. Nilikuwa namtazama usoni wakati anacheza, taya zimekaza, na nilifikiri: kumbe huyu anajua.

Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, na kutolewa nje kuonyeshwa wageni kulikuwa kesho yake, kwa hiyo hina alipakwa Ijumaa hiyohiyo. Alikaa kitandani, mto mapajani, mikono miwili juu ya mto, maua ya hina yakiwa bado mabichi mpaka kwenye viwiko. Hawezi kushika kitu. Binamu akaja na mashine yake na waya, amevaa nguo ya shughuli, akasema kwa mzaha kwamba hamwachi mtu akaolewa kabla madudu yake hayajapata adabu.

"Weye utakuwa mikono yangu," dada aliniambia. "Nikisema, bonyeza. Usinipe shauri."

Tukaunganisha waya. Binamu akatoa dudu lake la usingizi. "Umeme," dada akasema, nami nikabonyeza, na lile la usingizi likaanguka halijafanya lolote. Akatoa la ganda. Hapo nikasita, nikamwambia tulirudishe letu nyuma, tulete jengine. "Piga," alisema. Nikapiga. Letu likafa, ndege akaingia. "Piga." Binamu alianza kujitibu, lakini kila anachokiponya tunakivunja tena na zaidi, hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Alipobakiwa na mawili na sisi tumebakiwa na mawili, dada akalitoa lile la mviringo, na wala hakungoja lipigwe kwanza. "Liripue." La binamu likaondoka nalo. Baada ya hapo ilibaki pigo moja.

Binamu aliweka mashine chini akamkumbatia shingoni, mbali na hina. Dada alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hawezi kuyafuta. Nilimfuta mie kwa ncha ya mtandio. Aliniambia sikioni, "Nshapata sauti."

Mara tukasikia viatu vinavuliwa ngazini. Wanawake walivuta pazia la mlango, mama akakaa upande mmoja, bibi upande mwengine, na kelele zote zikafa. Baba alimtuma ami kuja kuuliza kwa niaba yake.

Ami hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lifahamike. Alimpenda dada kama mtoto wake wa kumzaa. Dada akapaza sauti akasema shikamoo ami, naye akaitika marahaba mwanangu kwa upole, akasoma dua fupi, akamtaja bwana kwa jina lake na la baba yake, akataja mahari. Kisha akauliza, "Umeridhia, mwanangu?"

Dada akanyamaza. Aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Na hapo hapo adhana ya Alasiri ikaanza. Msikiti ulipakana na ukuta wetu, adhana ikianza hamsikilizani. Ami alikuwa mtu wa safu ya mbele, hajapata kuikosa, na chini watu walikuwa wanamngojea. Baina ya mwito na mwito nilisikia akisemezana na mashahidi. Mmoja akasema, "Amenyamaza, mtoto ana haya." Ami akasema alhamdulillahi, ameridhia. Bibi alilisikia neno hilo akapiga kigelegele, na wanawake wote chumbani, ukumbini mpaka jikoni, wakampokea. Viatu vikavaliwa. Hatua zao zikashuka ngazi kwa haraka, na chini nikasikia baba akicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Dada hakujitikisa. Mikono yake ilikuwa juu ya mto vilevile, na macho yake yalikuwa kwenye pazia, ananyoosha shingo kidogo, kama mtu anayengojea mwenzake amalize kukohoa ili aendelee na maneno yake. Midomo ilikuwa imeshafunguka.

"Bado mara mbili," aliniambia.

Niliinuka nikafika mlangoni, mama akanikamata mkono. "Unakwenda wapi weye? Ngazi imejaa wanaume."

"Mama," dada akasema, safari hii kwa sauti, ile sauti aliyoifanyia mazoezi. "Bado mara mbili."

Vigelegele vilikuwa havijakwisha, lakini mama alimsikia. Alimtazama usoni, halafu akatazama pazia, halafu akamtazama tena. Nilimwona uso ukimbadilika, na nilijua amefahamu yote, tangu siku ya ungo wa mchele. Adhana ikamalizika. Chini, mlango mkubwa ulifungwa nyuma ya wanaume.

Mama akakaa kitandani pembeni yake, akaishika mikono ya dada kwa chini, pale pasipo na hina.

"Usikunje vidole, mwanangu," alimwambia. "Hina itaharibika."

Dada akavinyoosha.